Baba kapasuliwa moyo, karudi na dawa za akili: nimpe au nimwachishe?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Kirumba hapa Mwanza, na ndiye ninayemuuguza baba. Naandika nikiwa nimechoka, unisamehe barua ikiwa ndefu.

Baba ana miaka 67. Maisha yake yote amevua Ukerewe, na miaka ya karibuni ana mitumbwi miwili ya dagaa. Valvu yake ya moyo ilikuwa imeharibika siku nyingi, ikafika mahali hawezi kupanda njia ya kwenda kwake bila kukaa chini. Kaka yangu anafanya kazi Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyehangaikia kila kitu, akauza hadi kiwanja chake cha Buhongwa kuongezea pale bima ilipoishia, na baba akabadilishiwa valvu huko Dar. Madaktari walisema upasuaji umekwenda vizuri. Alipotolewa mpira wa kupumulia alituita kwa majina, akauliza dagaa wanauzwaje Mwaloni. Tulimshukuru Mungu.

Usiku wa tatu mambo yakageuka. Alikuwa anavuta shuka kwa mikono miwili, anakunja, anavuta tena, na ukimwangalia unajua kabisa huyu anapandisha wavu. Anawaita wavuvi wenzake, wengine walishafariki. Akaukamata mpira wa dripu akaung'oa, damu ikaruka hadi ukutani. Akawatukana manesi, baba ambaye sijawahi kumsikia akitukana. Asubuhi kaka alipoingia, baba akamnyooshea kidole mbele ya watu wote: "Huyu ndiye kaniuza. Kala hela ili wanikate, abaki na mitumbwi." Kaka alitoka nje akalia.

Walimfunga mikono kwa bandeji, wakamchoma sindano ya haloperidoli, akatulia. Siku zilizofuata mchana alikuwa mzima, jioni anapotea tena. Tuliambiwa ni kuchanganyikiwa kwa baada ya upasuaji, kutaisha. Tuliporuhusiwa tukapewa mfuko wa dawa: warfarini ya kuzuia damu isigande, furosemidi ya kukojoza maji ya ziada, amiodaroni ya kutuliza mapigo ya moyo, na haloperidoli ya vidonge, kimoja asubuhi na kimoja usiku. Kwenye pakiti hiyo hapakuandikwa ni hadi lini.

Sasa ni zaidi ya mwezi tuko nyumbani. Hajaweweseka tena. Lakini huyu si baba ninayemjua. Anatembea kwa kuburuza miguu, mikono inatetemeka, mate yanamtoka, uso hauonyeshi furaha wala hasira. Anakaa barazani anaangalia tu barabara. Kaka akatuma hela ninunue benzeksoli, kuna mtu wa duka la dawa kamwambia inaondoa kutetemeka. Nimeinunua, iko kabatini, sijampa.

Kaka anasema haloperidoli isiguswe. "Tukiacha anarudi kulekule, na safari hii hatutakuwa na ICU." Shangazi, dada yake baba, amekuja kutoka Ukerewe. Yeye anasema dawa zote za hospitali ziwekwe pembeni, kaka yake amechezewa, na kuna mtaalamu atakayemchanja na kumpa dawa ya kunywa. Mume wangu anasema mimi ndiye ninayemkabidhi vidonge kila siku, kwa hiyo niamue. Naogopa. Nikimwachisha akachanganyikiwa, kaka hatanisamehe. Nikiendelea, namwona baba anaisha mbele ya macho yangu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Yale aliyomwambia kaka, je, yalikuwa moyoni mwake siku zote?

Binti wa Kirumba

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Anayeuguza huwa hapewi pole ya kutosha, watu wakija hodi wanamuuliza mgonjwa.

Umeniuliza kama swali ni moja, kumpa au kumwachisha. Mimi nimesoma barua yako mara mbili na ninaona umebebeshwa mzigo wa daktari, wa msuluhishi wa familia, na wa mtu anayetaka kujua baba yake anawafikiriaje watoto wake, vyote kwa pamoja, na vyote vinakutazama unapofungua ile pakiti asubuhi. Tuvitenganishe kidogo.

Kilichompata mzee kinaitwa deliriamu. Ni ubongo kuyumba ghafla kwa sababu mwili mzima umepata mshtuko, na baada ya kupasuliwa moyo hutokea mno kuliko familia nyingi zinavyoambiwa kabla. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wagonjwa 225 wenye miaka 60 na zaidi waliofanyiwa upasuaji wa moyo, na 103 kati yao walipata hali hiyo. Karibu nusu. Kwa hiyo ukikumbuka ile wodi, huenda kitanda cha pili na cha tatu napo palikuwa na mzee aliyepotea, ila yeye alikuwa kimya. Wengine hawapigi kelele wala kung'oa dripu, wanalala tu na kuitikia kwa kuchelewa, watu wakasema anapumzika.

Huanza siku za mwanzo baada ya upasuaji, huja na kuondoka, na huzidi jioni, kama ulivyoona mwenyewe. Sababu huwa nyingi kwa wakati mmoja: ile mashine iliyofanya kazi badala ya moyo na mapafu, dawa za usingizi, maumivu ya kifua, chumvi za damu kupanda au kushuka, maambukizi, taa zisizozimwa, usiku baada ya usiku bila usingizi wa kweli. Na kuna moja ambayo lazima niiulize kwa heshima. Je, mzee alikuwa anakunywa? Wavuvi wengi hunywa kidogo kupambana na baridi ya ziwani, na familia haihesabu. Aliyezoea pombe akikatishwa ghafla na kitanda cha hospitali huweza kupata deliriamu ya aina yake, yenye tiba tofauti. Kama ndivyo, daktari aambiwe, hata kama shangazi atanuna.

Sasa dawa. Kaka yako anaamini haloperidoli ndiyo inayoishikilia akili ya baba isianguke tena. Namwelewa, alichokiona ni mzee anahangaika, sindano inaingia, mzee anatulia. Lakini tujiulize pamoja kama kutulia na kupona ni kitu kimoja. Haloperidoli iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1958 na ikawa dawa ya magonjwa makubwa ya akili. Hospitali ziliichukua kwa ajili ya deliriamu kwa sababu hutuliza. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 566 wa vyumba vya mahututi waliokuwa na deliriamu: wengine walipewa haloperidoli, wengine dawa ya kundi hilohilo, wengine maji matupu yasiyo na dawa. Siku za kuchanganyikiwa hazikutofautiana. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark walirudia na wagonjwa wapatao 1,000, nao hawakuona haloperidoli ikiwaongezea wagonjwa, kwa kiwango cha kuaminika, siku za kuwa hai na nje ya hospitali. Dawa nyingine inayoitwa deksmedetomidini ilitazamiwa kuizuia deliriamu kwa waliopasuliwa moyo, na utafiti mkubwa wa mwaka 2020 ukashindwa kuonyesha hivyo. Wagonjwa wa tafiti hizo mbili za haloperidoli walikuwa wa kila aina, si wa moyo peke yao, kwa hiyo sitakuambia zimemaliza mjadala. Zinachoniambia mimi ni kwamba dawa hii inafanana na mvuvi anayeshusha tanga: mtumbwi haupinduki, lakini upepo unaendelea kuvuma hadi uishe wenyewe.

Nakuomba usiwahukumu wale manesi kwa sindano ya usiku ule. Mtu ambaye mfupa wa kifua umefungwa kwa waya majuzi tu, ana mipira shingoni na kifuani, akianza kuvuta kila anachokishika anaweza kufa kabla hakujakucha. Kumtuliza kulikuwa na maana yake. Swali lako ni la nyumbani, zaidi ya mwezi baadaye, na hilo ni swali halali kabisa. Kwa kawaida dawa hii ikitumika kwa deliriamu hupewa kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, kisha mtu aliyeiandika huisimamisha. Mara nyingi mgonjwa huhama kutoka ICU kwenda wodini, kutoka wodini kwenda nyumbani, na dawa inahama naye bila mtu kuuliza kama kazi yake bado ipo. Wewe ndiye uliyeuliza. Hilo si kumuasi kaka yako.

Nawe nikuulize kitu. Unaamini haloperidoli ndiyo inayomficha baba uliyemjua, na kwamba ukiitoa atarudi. Dalili ulizoandika, kuburuza miguu, kutetemeka, mate, uso usiobadilika, zinalingana kweli na madhara ya dawa hiyo, hasa kwa mzee. Lakini mtu aliyetoka kupasuliwa moyo anaweza kupooza uso na mwendo kwa kiharusi kidogo kisichotambuliwa. Anaweza kuwa na huzuni kubwa, maana wengi huipata. Damu inaweza kuwa pungufu. Amiodaroni huweza kuvuruga tezi ya shingoni na kumfanya mtu awe mzito, na yenyewe pia huweza kutetemesha mikono. Na ule utafiti wa wagonjwa 225 ulionyesha kwamba waliopata deliriamu walichelewa kurudisha uwezo wao wa kufikiri, baadhi kwa miezi mingi. Nakuambia haya mapema ili kama dawa itapunguzwa na mzee asirudi wiki hiyohiyo, usikate tamaa wala usijilaumu.

Kuendelea hivi hivi kuna hatari zake. Haloperidoli huchelewesha umeme wa moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata, na amiodaroni hufanya vilevile. Furosemidi nayo humwaga potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka, mapigo yanaweza kuvurugika vibaya. Hizo zote tatu ziko kwenye mfuko wenu. Sisemi daktari alikosea, wakati mwingine hulazimika kuzichanganya, ila anayezichanganya hupima: ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na damu kuangalia chumvi. Halafu hatua za kuburuza. Mzee anayetumia warfarini akianguka na kugonga kichwa, damu haisimami upesi.

Kwa hapa kwetu Kanda ya Ziwa ongeza malaria. Homa ikimpata, usikimbilie dawa ya mseto ya dukani. Nayo inagusa umeme uleule wa moyo, na juu ya hapo, homa kwa mtu mwenye valvu mpya inaweza kuwa maambukizi kwenye valvu yenyewe. Apimwe, na anayemtibu aone orodha ya dawa zake zote.

Kumwachisha mwenyewe kimyakimya nako kuna hatari. Anaweza kukosa usingizi na kuhangaika siku kadhaa, na nyumba nzima ikasema "si tulikuambia." Na kama kabla ya upasuaji alishaanza kusahau, kupotea njia, kurudia maneno, basi huenda kuna ugonjwa mwingine chini yake ambao daktari anahitaji kuujua kabla ya kugusa chochote. Kumbuka vizuri, waulize na wanaofanya naye kazi kwenye mitumbwi. Wao huona kabla ya watoto.

Ipo njia ya katikati, nayo ina ugumu wake wa nauli na foleni. Mzee anatumia warfarini, kwa hiyo lazima anapimwa INR, kipimo cha kuona damu inaganda upesi kiasi gani, mara kwa mara. Siku hiyo uwe na mfuko mzima wa dawa mkononi na karatasi ya kuruhusiwa. Omba kuonana na daktari, na uulize hivi hivi: haloperidoli hii ni ya nini sasa, ni hadi lini, na inaweza kupunguzwa vipi? Kwenye ile karatasi mara nyingi huwa na namba ya simu ya kitengo kilichompasua, wapigie kabla. Hospitali ya kanda ya Bugando iko hapo kilimani, ina madaktari wa ndani na wa magonjwa ya akili wanaoweza kushauriana. Wanaweza kusema ipunguzwe taratibu mkiwa mnamwangalia, wanaweza kusema isubiri kidogo kwa sababu wanayoiona wao. Lolote watakalosema, halitakuwa tena neno lako dhidi ya neno la kaka.

Ile benzeksoli ingeendelea kukaa kabatini hadi siku hiyo, ningelala usingizi. Ni kweli hupunguza kutetemeka, lakini kwa wazee huvuruga kumbukumbu na huweza kuamsha kuchanganyikiwa kulekule mnakokuogopa. Tungekuwa tunatibu madhara ya dawa moja kwa dawa inayoleta ugonjwa wa kwanza. Piriton ya kumpa usingizi ni vivyo hivyo, na Valium pia, usiruhusu mtu ampe kwa kumhurumia.

Shangazi. Usimpige vita, huyu anamlilia kaka yake. Lakini chale kwa mtu wa warfarini ni jeraha linaloweza kutoka damu hadi kupitiliza, na dawa ya kunywa isiyojulikana inaweza kuipandisha au kuishusha nguvu ya warfarini bila dalili yoyote, hadi valvu iote bonge la damu au mzee avujie ndani. Na kuacha dawa za hospitali zote kwa mpigo, kama anavyotaka, kunagusa hiyo hiyo valvu. Mwambie hivyo kwa upole, ukiwa umekaa chini karibu naye. Maombi yasiyo na kitu cha kunywa wala cha kukata hayana ugomvi na vidonge.

Kisha mpe kazi, kwa sababu kuna kazi ambayo yeye anaiweza kuliko hospitali. Mwaka 1999, huko Marekani, watafiti waliangalia wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi waliolazwa. Nusu yao walikumbushwa kila siku ni wapi walipo na leo ni siku gani, wakapewa miwani yao na vifaa vyao vya kusikia, wakasaidiwa kutembea na kunywa maji, wakaachwa walale usiku bila kuamshwa ovyo. Waliopata deliriamu katika kundi hilo walikuwa kama 10 kwa kila 100, na katika kundi lingine 15. Hapakuwa na kidonge. Shangazi akae naye barazani wazungumze Kikerewe, amtajie nani kapata dagaa na nani kavunja mtumbwi. Amtembeze asubuhi jua likiwa changa, amshike mkono. Mchana msimwache asinzie mfululizo. Usiku iachwe chooni taa ndogo asije akaamka gizani asijue yuko wapi. Angalia kama miwani ya mzee imerudi kutoka Dar, huwa inasahaulika.

Na lile ambalo hujamwambia mtu. Wagonjwa wa deliriamu huona wanatekwa, wanatiliwa sumu, wanauzwa. Ni kawaida mno, na mara nyingi anayeshutumiwa ni yule aliye karibu zaidi, kwa sababu ndiye uso unaojirudia. Ubongo unaohisi umefungwa na kuchomwa unatafuta wa kumlaumu, na kaka yako alikuwa amesimama hapo. Mimi siwezi kuapa juu ya yaliyomo moyoni mwa mzee, hata wewe huwezi. Ila nisingeyachukua maneno ya usiku ule kama ushahidi.

Namfikiria kaka yako. Kauza kiwanja, kisha kaambiwa mbele ya watu kwamba kala hela. Inawezekana anapong'ang'ania kidonge haogopi ugonjwa tu, anaogopa kulisikia neno lile mara ya pili. Sijui kama amewahi kulizungumza. Ungemwuliza, ukianza na pole kabla ya habari za dawa, pengine ungemkuta mtu tofauti na yule mnayebishana naye kwenye simu. Baba naye huenda anakumbuka vipande vipande, wengi hukumbuka na huona aibu kimyakimya. Siku akiwa na nafuu unaweza kumwambia tu: "Baba, kule hospitali uliumwa hadi ukawa unaota mchana. Si wewe peke yako." Akitaka kuuliza zaidi, atauliza.

Akizimia, akihisi moyo unakimbia ovyo, upande mmoja ukilegea, homa ikipanda, au akawa mzito wa kuamka, usingoje siku ya kliniki, mpeleke usiku huohuo. Vinginevyo chagua siku ya INR, na kabla hamjaingia kwa daktari mpigie kaka, uweke simu kwenye spika, naye asikie na aulize maswali yake mwenyewe.